Sifa ya Kikosi ni ya Nani?

Siku chache zilizopita nilipita Amani, nyuma ya uwanja, na bibi mmoja aliyekuwa akiuza maandazi barazani kwake alinitambua kwa sauti. Akanisimamisha. "Mwanangu, wewe ndiye msema redioni? Marehemu mume wangu alikwenda Uganda mwaka 1979. Alirudi akisema kikosi chao kimesifiwa. Mimi hiyo sifa naitafuta humu ndani siioni. Iko wapi?" Nilimwahidi kuwa nitamjibu hewani, na ahadi ni deni.

Sifa za vitani ni za aina mbili. Ya kwanza hupewa mtu mmoja: jina lake likasomwa, akavishwa nishani kifuani. Ya pili hupewa kikosi kizima, kwa sababu ziko kazi ambazo huwezi kusema kazifanya fulani. Aliyepiga bunduki alibebewa risasi na mwengine, huyo naye alipikiwa na mwengine, na wote walitanguliwa na yule aliyetegua mabomu usiku.

Kila nchi ina utaratibu wake. Waingereza hulitarizi jina la pigano kwenye bendera ya kikosi, likabaki hapo hata waliopigana wakesha kufa. Marekani, tangu 1942, kikosi hupewa sifa ya Rais, na kila askari wa nchi kavu aliyekuwamo siku ile huvaa utepe wa buluu wenye fremu ya dhahabu upande wa kulia wa kifua. Anayehamia kikosini baadaye huuvaa pia, lakini akiondoka huuvua, maana ile si jasho lake. Wafaransa huvisha kamba iliyosukwa begani.

Sasa tuje kwetu. Wazee wetu walipigana katika jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, ambalo wenyewe waliliita Keya. Batalioni ya 7, iliyoanzishwa 1917, ilitokana na askari wa Unguja na Mafia. Bendera za Keya zilikuja kubeba majina ya Kilimanjaro, Narungombe na Nyangao ya vita vya kwanza, na katika vita vya pili Moyale, Gondar, Madagaska na Burma. Miongoni mwao limo jina la Colito.

Colito ni mahali Ethiopia. Tarehe 19 Mei 1941 batalioni ya 6, ya Tanganyika, ilishambuliwa hapo na vifaru vya Wataliani. Sajini mmoja Mzungu kutoka Kenya, Nigel Leakey, alikirukia kifaru, akamuua kamanda wake. Kisha yeye na askari Waafrika wakavisaka vifaru vyengine katika uwanda ulio wazi. Leakey akakirukia kifaru chengine, na hapo akauawa. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kupita zote za Waingereza, na alistahiki. Lakini waraka wa sifa yake ukiusoma, wale Waafrika hawakutajwa kwa majina. Kilichobaki chao ni lile neno moja kwenye bendera.

Na hata neno hilo halikudumu. Kambi kubwa ya Dar es Salaam iliitwa Colito kwa kuienzi siku ile. Tarehe 20 Januari 1964, siku nane baada ya Mapinduzi yetu, askari wa kambi hiyo hiyo waliasi. Jeshi lile likavunjwa, Jeshi la Wananchi likazaliwa Septemba 1 mwaka huo, na kambi ikapewa jina la Lugalo, pale Wahehe walipolipiga jeshi la Mjerumani Agosti 1891. Silaumu kubadilishwa kwa jina. Nchi huru huchagua mashujaa wake. Ila kosa la vijana wa 1964 lilizika pamoja nalo ushujaa wa wazee wa 1941, ambao hawakuwamo katika uasi ule.

Huo ndio udhaifu wa sifa ya kikosi: huweza kupotea kwa mkupuo mmoja. Nguvu yake nayo ilionekana Lukaya, Uganda. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979, Brigedi yetu ya 201, wengi wao mgambo wasiowahi kuona vita, ilipigwa kwa makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin. Wengi walikimbia. Askari mmoja mmoja, usiku ule ungekuwa fedheha. Lakini walikusanywa upya, Brigedi ya 208 ikazunguka usiku kucha ikatokea upande wa pili, na kulipokucha brigedi mbili hizo zikashambulia kwa pamoja. Maadui zaidi ya 400 walikufa, kiasi cha nusu yao Walibya. Mwezi mmoja baadaye Kampala ilikuwa imeanguka. Basi kikosi shujaa si kile kisichoingiwa na khofu. Ni kile kinachorudi.

Bibi yangu wa Amani, jawabu yako ni hii. Sifa ya marehemu imo katika jina la brigedi yake, na wala si uongo. Lakini jina la brigedi halimwambii mjukuu wako babu yake alikuwa nani. Kwa hiyo nasema mawili. Kwanza, wenye dhamana wachape orodha ya majina, pigano kwa pigano, mpishi na dereva wakiwamo, na iwekwe penye kusomwa na kila mtu. Pili, sisi wenyewe tusingoje. Mwenye mzee aliyekwenda Kagera na akali hai, leo akae naye barazani na daftari: namba yake ya jeshi, kikosi chake, alikopita, na nani alianguka ubavuni mwake. Wale wa Colito hakuna aliyewaandikia.

Kwaherini, mpaka wiki ijayo inshaallah.