Fulana: rekodi za vazi lililotoka ndani

Ilizaliwa kuwa nguo ya ndani. Leo hakuna vazi linalosema hadharani kuliko fulana. Zifuatazo ni rekodi zake, za kupimwa kwa mita na za kupimwa kwa uzito wa historia.

Sare ya mwanzo. Mwaka 1913 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliingiza kwenye sare fulana nyeupe ya pamba, yenye shingo ya duara na mikono mifupi. Ilifyonza jasho na kukauka upesi, hivyo kwenye joto la melini mabaharia walivua shati na kufanya kazi nayo.

Maandishi yaliyofika mbali mapema. Tarehe 13 Julai 1942, jarida la Life lilimweka jaladani askari aliyevaa fulana iliyochapwa jina la chuo cha mafunzo ya bunduki cha jeshi la anga. Kifua kilikuwa kimeanza kusomwa.

Mkongwe wa kampeni. Taasisi ya Smithsonian mjini Washington imehifadhi fulana ya Thomas Dewey, aliyegombea urais mwaka 1948 akashindwa na Harry Truman. Fulana za vyama zinazogawiwa kwetu kila uchaguzi ni wajukuu zake.

Aliyeipaisha zaidi. Marlon Brando, katika filamu ya A Streetcar Named Desire ya 1951. Baada yake vijana waliivaa bila shati juu.

Iliyothubutu kuliko zote. Mwaka 1984 mbunifu Katharine Hamnett alimpa mkono Waziri Mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, akiwa amevaa fulana iliyotangaza kuwa asilimia 58 hawataki makombora ya nyuklia ya Pershing.

Nyingi zaidi mwilini. Mwaka 2019, Ted Hastings wa Kanada alivaa fulana 260 kwa mpigo, akichangisha fedha za uwanja wa michezo wa shule.

Kubwa kupita zote. Mwaka 2023, mjini Bucharest, Romania, ilitandazwa fulana ya timu ya taifa ya raga yenye urefu wa mita 108.96 na upana wa mita 73.48, iliyotengenezwa kwa plastiki ya chupa zilizotumika.

Safari iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Katika kitabu chake cha 2005, mchumi Pietra Rivoli alianzia kwenye fulana aliyoinunua Florida. Aliifuata pamba hadi mashamba ya Lubbock, Texas, ushonaji hadi Shanghai, na fulana kuukuu hadi soko la mitumba la Manzese, Dar es Salaam.

Kwangu, hii ndiyo rekodi inayozishinda nyingine. Brando na Hamnett waliipa fulana sauti. Mchuuzi anayefungua robota, akakagua shingo na kwapa, akafua na kupiga pasi, anaipa maisha ya pili. Huyo naye anastahili kuandikwa katika historia ya vazi hili, tena kwa herufi kubwa.