Kati ya Majibu na Upasuaji

Kati ya siku ambayo mtu huambiwa kwamba uvimbe alionao ni saratani na siku atakayolazwa juu ya meza ya upasuaji, hupita muda ambao vitabu vya tiba aghalabu huuruka, na ambao mgonjwa mwenyewe huuhesabu kuwa ni siku za bure, za kukaa kitako na kuitazama kalenda. Ilhali huo ndio muda ambao yeye, wala si daktari, ndiye mwenye kazi kubwa zaidi ya kufanya. Sura hii nimeiandika kwa ajili ya muda huo, na nimeiandika nikimkusudia hasa mgonjwa wa Nyarugusu na jamaa zake. Nyarugusu ninayoinena ni ile ya machimbo ya dhahabu, katika Wilaya ya Geita, si ile kambi ya wakimbizi ya Kasulu yenye jina hilohilo.

Mgonjwa wa huko huanzia zahanati au kituo cha afya, akapelekwa Geita mjini, na kutoka Geita akaandikiwa barua ya rufaa kwenda Bugando, hospitali ile kubwa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima cha Mwanza. Zamani safari hiyo ilikatwa na maji ya ghuba ya Ziwa Victoria kati ya Busisi na Kigongo, na mgonjwa mwenye maumivu alilazimika kungoja kivuko pamoja na malori. Tangu mwezi Juni 2025 liko daraja la kilomita 3, na taabu hiyo imeondoka. Kungoja kwa hospitalini, hata hivyo, kuna sababu zake nyingine. Kinyama kilichokatwa katika uvimbe sharti kihifadhiwe katika dawa, kikatwe vipande vyembamba mno, kitiwe rangi, kisha kitazamwe kwa hadubini na mtaalamu wa patholojia, na wataalamu hao ni wachache. Baada ya hapo hufuata picha za kifua na tumbo, kusudi ijulikane kama maradhi yamekwisha safiri kwenda kwingine, maana kumpasua mtu titi hali ini lake limekwisha kushikwa ni kumtia jeraha bila ya faida iliyotarajiwa. Wengine, hususan wenye saratani ya matiti iliyokwisha kuwa kubwa, huanzishiwa dripu za dawa kwanza ili uvimbe usinyae, na baada ya dripu ya mwisho hupewa wiki 3 hata 6 za kupumzika, chembe nyeupe za damu zipate kurudi. Ndipo huja zamu ya chumba cha upasuaji chenyewe.

Swali ambalo humnyima mgonjwa usingizi ni hili: je, saratani haikui wakati mimi ninangoja? Hukua, wala si insafu kumficha. Lakini uvimbe ambao umefika kiasi cha kushikika kwa kidole mara nyingi umekuwa ukijijenga mwilini kwa miezi mingi, na pengine kwa miaka, na wiki chache zilizopangwa na madaktari kwa sababu inayojulikana si sawa kabisa na miezi inayopotea kwa kuogopa, kwa kukosa nauli, au kwa kwenda kujaribu dawa nyingine kwanza. Tarehe ikipita bila ya mtu kuitwa, jamaa mmoja na apewe kazi ya kupiga simu au kwenda kuuliza, kwani kunyamaza hapo si saburi. Na yako mambo ambayo hayangoji tarehe: damu kutoka kwa wingi, chakula kutopita tena kooni, macho kugeuka manjano, tumbo kufura pamoja na kutapika na kukosa choo, pumzi kubana, au homa kali kwa mtu aliye katika dripu za saratani. Mwenye dalili hizi huenda siku hiyohiyo katika hospitali iliyo karibu kuliko zote, hata ikiwa ni usiku.

Sasa tuseme juu ya mwili wenyewe. Upasuaji mkubwa humfanya mtu atumie nguvu za akiba: jeraha hudai protini ili lizibe, na mwili usipoipata katika chakula huivunjavunja misuli yake wenyewe, ndiyo maana mgonjwa aliyeingia amekonda hutoka amekonda zaidi, hana nguvu za kukohoa, makohozi yakamlalia kifuani na kumletea nimonia. Katika miaka ya 1990 daktari mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, katika hospitali ya Hvidovre, alionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa utumbo mpana, wakitulizwa maumivu vizuri, wakapewa chakula mapema na kuinuliwa kitandani mapema, waliweza kurudi nyumbani baada ya siku 2 au 3, ambapo desturi ilikuwa kulala wodini muda mrefu kuliko huo. Waliomfuata wakauliza: ikiwa siku za baada ya upasuaji zina athari kubwa namna hii, je, wiki za kabla yake? Jibu lake ndilo lililofanya leo matabibu wahesabu maandalizi kuwa sehemu ya tiba. Wala maandalizi hayo hayahitaji mashine. Mengi yake yamo jikoni na njiani.

Chakula cha kawaida cha nyumba nyingi za Usukumani ni ugali wa mahindi au wa muhogo, na wakati wa ukame michembe na matobolwa, navyo hushibisha na kutia nguvu lakini protini yake ni haba. Dawa ya upungufu huo iko karibu kuliko watu wanavyodhani, nayo ni dagaa wa Ziwa, ambao kiganja kimoja cha waliokaushwa vizuri, wakachambuliwa mchanga na kupikwa na karanga, humpa mgonjwa protini nzuri kwa mlo mmoja. Maharage, mayai, maziwa, samaki wabichi pesa ikiruhusu, vyote vyafaa. Mwenye saratani ya umio, ambaye chakula kigumu hukwama, hawezi kuambiwa tu “kula”. Huyo apikiwe uji, utiwe karanga zilizosagwa laini, maziwa na unga wa dagaa uliochungwa, anywe kikombe kidogo kila baada ya saa 2 badala ya kulazimishwa bakuli zima mchana. Imeenea dhana kwamba mgonjwa akila vizuri anailisha saratani, hivyo wengine humnyima nyama, wengine sukari, wengine humfungisha kabisa. Dhana hii inaua. Saratani hujitwalia inachotaka hata mwili ukiwa na njaa, na anayedhoofika ni mwenye mwili. Apimwe uzito kila wiki katika zahanati, na akiona umeshuka wiki 2 mfululizo amwarifu daktari, asingoje tarehe yake.

Upungufu wa damu unastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndio unaoahirisha upasuaji wa wengi. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi hupoteza damu kidogo kidogo kwa miezi. Mwenye saratani ya tumbo hupoteza kwa njia ya choo asijue. Na katika nchi hizi za malambo na madimbwi kuna kichocho, ambacho hutia damu katika mkojo hata vijana wakaiona ni jambo la kawaida, na ambacho kikikaa miaka mingi chaweza chenyewe kuzaa saratani ya kibofu. Juu ya hayo kuna malaria na minyoo. Vidonge vya madini ya chuma huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuongeza damu, kwa hiyo faida yake ni kwa anayeanza leo, si kwa anayekumbuka siku 3 kabla ya kulazwa. Vimezwe pamoja na chungwa au limau, na chai ya rangi iahirishwe mpaka saa moja au mbili baada ya chakula, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini.

Kuna jambo ambalo kina mama hulifanya kwa siri na daktari hasikii habari zake: kula pemba, ule udongo uliofinyangwa na kukaushwa unaouzwa sokoni. Hamu ya udongo mara nyingi hufuatana na upungufu wa damu, na udongo nao huzidi kukizuia chuma, kwa hiyo tatizo hulisha tatizo. Na katika ukanda wa dhahabu ardhi yaweza kuwa na aseniki na metali nyingine nzito. Muuguzi akiuliza, mama asione haya kusema. Si aibu, ni dalili.

Mapafu ni habari nyingine, na kwa Nyarugusu ni habari nzito. Aliyekesha miaka katika maduara, yaani mashimo ya dhahabu, akichoronga mwamba, au aliyelisha mawe katika karasha, mashine ya kuyasaga, amevuta vumbi la silika, lenye kuyakaza mapafu na kumweka mtu karibu na kifua kikuu. Na nusu kaputi humtaka mtu apumue vizuri kabla, wakati na baada yake. Mtu wa namna hiyo akiwa na kikohozi cha wiki 2 na apimwe makohozi mapema, na siku ya kuonana na mtoa usingizi amweleze kazi aliyoifanya na kwa miaka mingapi, hata kama hakuulizwa. Tangu siku ya kupata majibu aache vumbi la mwalo, pale mawe yanaposagwa na kuoshwa, na asiwepo mahali inapochomwa zebaki ya kukamatia dhahabu. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu uchomaji hufanywa hata nyumbani, katika jiko la mkaa, watoto wakiwa karibu, na mvuke ule hauonekani. Huingia kwa pumzi, ukaudhuru ubongo na neva, na zebaki ikadhuru figo, ambazo ndizo zitakazotakiwa kuondoa dawa nyingi atakazopewa. Ikiwa mwenye nyumba ni mchimbaji, kazi hiyo ihamishwe mbali na nyumba kabisa.

Sigara iachwe leo. Kaboni monoksidi, hewa ya sumu iliyomo katika moshi wake, huondoka katika damu kwa siku moja au mbili, lakini mapafu na jeraha hupata faida iliyo dhahiri zaidi ikiwa zimepita wiki 4 au zaidi bila ya moshi. Pombe nayo iachwe, isipokuwa mtu aliyezoea kunywa gongo kila siku, huyo amwambie daktari kwanza, kwani kukata ghafula huweza kumletea mtetemeko na degedege. Kisha atembee. Asubuhi kabla ya jua kuwa kali, nusu saa kwa mwendo unaomwezesha kuongea lakini si kuimba, na asiyeweza nusu saa aanze na dakika 5. Akirudi aketi wima, avute pumzi ndefu kwa pua, aishike kidogo, aiachie polepole kwa mdomo, mara 10, na kurudia mchana na jioni. Hii ndiyo kazi atakayoamriwa kuifanya siku ya kwanza baada ya upasuaji, akiwa na kidonda, na ni rahisi kwa aliyekwisha kuizoea.

Mwenye presha, kisukari au virusi vya UKIMWI asiziache dawa zake kwa kudhani kwamba saratani imezifuta. Mizizi na majani ya waganga ni mtihani mwingine. Sina haja ya kumdharau mganga, ambaye mara nyingi ndiye aliyemsikiliza mgonjwa kwa utulivu kuliko mtu yeyote. Lakini yako majani yanayozuia damu kuganda, na mengine yanayolemea ini, na mpasuaji asiyejua yaliyomo tumboni anapasua gizani. Mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500, wako walioacha dawa za hospitali wakiamini wamekwisha pona. Asali haina shida kwa asiye na kisukari, dua haina shida, sala haina shida. Kinachodhuru ni kuacha tarehe na kuficha ulichokunywa.

Tena uko moyo. Hofu ya mgonjwa huyu haiko mahali pamoja: mchana ni ya pesa, jioni ni ya watoto, na usiku ni ya kisu. Huzidishwa na majirani wanaodhani saratani huambukizwa kwa kula sahani moja, jambo ambalo si kweli, na huzidishwa zaidi na mgonjwa kuificha. Aseme kwa mtu mmoja anayemwamini, na huyo afuatane naye kliniki, kwa sababu aliyeshtuka husikia nusu ya maneno ya daktari. Jamaa nao wasimzuie kulia, wala wasimlazimishe kuwa jasiri. Kwa upande wa pesa, asiye na bima asirudi nyumbani kabla ya kumwona afisa ustawi wa jamii wa hospitali na kumweleza hali yake bila ya kupunguza neno. Na ndugu wenye afya waulize mapema juu ya kutoa damu, maana hicho ni kitu ambacho hata jamaa maskini anacho.

Wiki ya mwisho asijinyoe mwenyewe mahali patakapopasuliwa, kwani wembe huacha vijeraha vya kupitishia vijidudu. Aoge kwa sabuni tu. Aulize, kabla ya kutia sahihi au dole gumba, kitakachoondolewa ni kitu gani na atakuwaje baadaye, na asitie mpaka ameelewa. Chakula hukoma saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na chenye mafuta mengi saa 8. Maji matupu huruhusiwa mpaka zibaki saa 2, isipokuwa ameelekezwa vingine. Dawa zote, pamoja na za mitishamba, azitie katika mfuko mmoja aende nao. Na kama kucha zimepakwa rangi au hina nyeusi, zishughulikiwe mapema: hina haifutiki kwa usiku mmoja, na kile kibanio kinachopima oksijeni husoma kwa mwanga unaopita katika kidole, kwa hiyo abakishe angalau kidole kimoja kisicho na rangi, na amwonyeshe mtoa usingizi ni kipi.