Konferensi Ipi Ina Nguvu? Tazameni Mechi za Novemba

Machi 2025, konferensi ya Big Ten iliingiza timu 12 katika mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani, idadi ambayo hakuna konferensi iliyokuwa imewahi kuifikia. Konferensi ya SEC iliingiza 10. Zilipobaki timu 16, Big Ten ilikuwa na tatu na SEC sita. Kisha ubingwa ukaenda Big East, iliyokuwa imepeleka timu mbili tu, pale UConn ilipoichapa South Carolina ya SEC 82–59 mjini Tampa.

Kila shabiki alipata takwimu ya kumtetea. Lakini takwimu hizo hazijibu swali lilelile, na zote tatu zinaliacha pembeni jambo lililo la msingi zaidi.

Konferensi ni kundi la vyuo lenye ligi yake, ratiba yake na bingwa wake. Daraja la kwanza lina makundi kama hayo yapatayo 30 na timu zaidi ya 350, huku kila timu ikicheza takriban mechi 30 kwa msimu. Timu nyingi hazikutani kamwe. Kulinganisha konferensi mbili, basi, ni kazi ya kukisia kwa ushahidi mchache, na ushahidi huo una msimu wake.

Kuanzia Januari, timu hucheza karibu ndani ya konferensi zao pekee. Kila mechi hapo humtoa mshindi mmoja na mshindwa mmoja, wote wa kundi lilelile. Jumlisha matokeo yote ya mechi hizo: ushindi utalingana na vipigo, iwe konferensi ni kali kupita zote au ni dhaifu kupita zote. Mechi hizo zinatuonyesha nani mkubwa ndani ya kundi. Kuhusu kundi lenyewe dhidi ya jirani yake, hazisemi chochote. Ushahidi huo unapatikana Novemba na Desemba, timu zinapotoka nje ya makundi yao. Baada ya hapo huja mechi chache tu za kuvuka mipaka, kama ile ya Februari 2025 ambapo UConn ilikwenda Columbia na kuifunga South Carolina 87–58 nyumbani kwake.

Ndiyo maana vipimo rasmi navyo vinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kipimo cha zamani, RPI, kilitoa robo ya uzito kwa rekodi ya timu yenyewe, nusu kwa rekodi za wapinzani wake, na robo iliyobaki kwa wapinzani wa wapinzani. Konferensi iliyokusanya ushindi rahisi Novemba iliingia Januari na rekodi nono, na kila timu yake ikanufaika kwa kukutana na wenzake wenye rekodi hizo. Msimu wa 2020–21 wanawake walihamia kipimo cha NET, kinachoangalia pia pointi ambazo timu inafunga na kufungwa kila inaposhambulia au kushambuliwa, pamoja na nguvu ya mpinzani na mahali pa mechi. Ni kipimo bora, sina shaka. Hata hivyo, hakiwezi kuumba mechi ambayo haikuchezwa.

Halafu kuna suala la wastani. UConn ilikaa konferensi ya American kuanzia 2013 hadi 2020, na katika misimu hiyo saba haikupoteza hata mechi moja ya konferensi. Timu hiyo moja ilipandisha wastani wa kundi zima, ilhali timu ya tano ya American ilikutana nayo mara mbili hivi tu kwa mwaka. Siku nyingine zote ilicheza na timu za kawaida. Mimi huanza kwa kuitazama timu ya katikati ya msimamo. Kisha najiuliza hivi: timu nzuri ya wastani ingepelekwa kucheza ratiba nzima ya konferensi hii, ingeshinda mechi ngapi? Na ile nyingine je? Pale inapotarajiwa kushinda chache ndipo penye ugumu, hata kama bingwa wa taifa anaishi kwingine.

Mashindano ya Machi yana somo lake, ila ni sampuli ndogo, na katika raundi mbili za kwanza timu 16 za juu huwa wenyeji. Kumfunga mgeni nyumbani kwako kunathibitisha kidogo. Maryland ya Big Ten iliitoa Alabama ya SEC 111–108 mwaka 2025, lakini ilikuwa kwenye uwanja wake na ilihitaji nyongeza mbili za muda. Wiki hiyohiyo Tennessee iliifuata Ohio State ya Big Ten hadi Columbus na kuifunga, na Ole Miss ikaitoa Baylor kulekule Waco. Kwangu, ushindi huo wa ugenini wa timu mbili ambazo hazikuwa hata vinara wa SEC unaieleza konferensi hiyo vizuri zaidi kuliko safari ya South Carolina hadi fainali.

Kuna tahadhari moja zaidi kwa anayelinganisha miaka na miaka: jina hubaki, waliomo hubadilika. Fainali ya 2021 ilikuwa ya Pac-12 pande zote mbili, Stanford ikiishinda Arizona 54–53. Mwaka 2024 vyuo 10 kati ya 12 viliiacha konferensi hiyo. UCLA, USC, Oregon na Washington vilihamia Big Ten, na msimu uliofuata vyote vinne vilikuwa miongoni mwa zile timu 12 za rekodi. Na kati ya timu tatu za Big Ten zilizofika 16 bora, UCLA na USC zilikuwa na msimu mmoja tu ndani ya konferensi. Ya tatu, Maryland, ilihamia kutoka konferensi ya ACC mwaka 2014.