UTUNZAJI WA USUKANI WA NGOZI YA SWEDI

Gari la chama ni mali ya wanachama wote, na kila kifaa kilichomo kimenunuliwa kwa fedha iliyotokana na jasho la mkulima. Aghalabu makatibu hukumbuka matairi, breki na mafuta ya injini, lakini usukani husahauliwa. Hata hivyo, usukani ndicho kifaa ambacho mkono wa dereva haukiachi tangu safari ianze hadi iishe. Usukani uliovishwa ngozi, usipotunzwa, huanza kuteleza. Na usukani unaoteleza ni hatari kwa shehena, kwa gari na kwa roho za watu.

Jambo hili lawahusu sana wanachama wa Mkiwa na vijiji jirani. Hapo ndipo barabara itokayo Mbeya kupitia Rungwa na Itigi inapokutana na barabara kuu ya Dodoma na Singida. Kuanzia Juni hadi Oktoba nchi huwa kavu, upepo huvuma na vumbi hutanda. Katika majira hayo hayo ya baada ya mavuno magari hupakia alizeti. Dereva husaidia kufunga turubai, hubadilisha tairi, kisha huushika usukani kwa mikono ile ile yenye vumbi, jasho na grisi.

Swedi ni ngozi gani?

Ngozi ya mnyama ina pande mbili: upande wa manyoya na upande wa nyama. Ngozi ya kawaida ya viatu huonyesha upande wa manyoya, ambao ni laini na hung'arishwa. Swedi hutengenezwa kwa upande wa nyama, ambao husuguliwa kiwandani mpaka nyuzi zake zisimame kama vinyweleo vifupi, mithili ya mahameli. Jina lake limetokana na neno la Kifaransa litajalo nchi ya Uswidi, kwa sababu ya glavu za ngozi hiyo zilizohusishwa na nchi hiyo.

Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoushika mkono usiteleze. Kwa sababu hiyo swedi hupendwa katika magari ya mashindano. Lakini ikumbukwe kwamba madereva wa mashindano huvaa glavu, na jasho lao haliifikii ngozi. Dereva wa lori la chama hushika usukani kwa mkono mtupu, kutwa nzima, katika joto. Jasho lina chumvi na mafuta. Likichanganyika na vumbi hugandisha vinyweleo na kuvilaza. Ngozi hung'aa, hukakamaa, na hatimaye hupasuka. Jua kali lipitalo kiooni huikausha zaidi na kuichujusha rangi.

Namna ya kuurudishia hali yake

Usukani uliong'aa na kukakamaa haujafa. Mara nyingi waweza kurudi katika hali njema kwa kufuata hatua hizi, gari likiwa limeegeshwa na injini imezimwa:

1. Ngozi ikiwa kavu, vumbi lipigwe brashi laini, au mswaki mkuukuu ulio safi. Kamwe maji yasitangulie brashi, kwani vumbi likilowa hugeuka tope na kuzama ndani ya nyuzi.

2. Sehemu zinazong'aa zisuguliwe taratibu kwa kifutio safi cha penseli. Zikiwa ngumu mno, msasa laini kabisa upitishwe juu juu, bila kukandamiza.

3. Penye doa la grisi pawekwe poda, iachwe usiku kucha ili inyonye mafuta, kisha ipigwe brashi asubuhi.

4. Uchafu ukibaki, sabuni isiyo kali ivurugwe katika maji mpaka itoe povu. Kitambaa kichovywe katika povu tu, kikamuliwe sana, kisha kifute sehemu ndogo ndogo. Ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kwani rangi nyingine hutoka. Povu lifutwe kwa kitambaa kingine chenye unyevu wa maji matupu.

5. Usukani uachwe ukauke kivulini, madirisha yakiwa wazi. Unapokaribia kukauka upigwe brashi tena ili vinyweleo visimame. Gari lisiendeshwe mpaka usukani ukauke kabisa.

Mambo ya kuepukwa

Wako wanaodhani kwamba kila ngozi yahitaji mafuta. Dhana hiyo huiharibu swedi. Mafuta ya kupikia, rangi ya viatu na dawa za kung'arishia matairi hulaza vinyweleo na kuufanya usukani uteleze. Petroli, mafuta ya taa na dizeli hukausha ngozi na kulegeza gundi, licha ya hatari ya moto. Sabuni kali ya unga na dawa za kung'arishia nguo nazo zisitumike. Kuukausha usukani kwa jua kali au kwa moto huifanya ngozi isinyae na kupasuka.

Magari mengi ya siku hizi yana mfuko wa hewa wa usalama katikati ya usukani. Sehemu hiyo isiloweshwe wala isifunguliwe na mtu asiye fundi wa kazi hiyo.

Ngozi ikilegea au ikichanika

Dereva aushike usukani kwa mikono miwili na kujaribu kuizungusha ngozi peke yake. Ikizunguka huku usukani umetulia, gari lisiondoke na ngozi hiyo: ama ishonwe, ama ivuliwe. Afadhali usukani mtupu kuliko ngozi itakayomponyoka dereva kwenye kona.

Uzi ukikatika na ngozi ingali nzima, fundi viatu mwenye ujuzi aweza kuishona upya kwa msharasi na uzi imara uliopakwa nta, ambayo warina asali wa wilaya za Manyoni na Ikungi wanaijua vema. Ngozi iliyopasuka yenyewe haifai kushonwa, ibadilishwe. Chama kinachonunua ngozi mpya kwa lori la mazao kifikirie ngozi ya kawaida isiyo na vinyweleo, kwa maana hufutika kwa urahisi. Swedi yafaa zaidi gari ambalo dereva wake aweza kulishika kwa mikono safi.

Wajibu wa chama

Dawa kubwa kuliko zote ni kinga. Garini kuwe na dumu dogo la maji, kipande cha sabuni na kitambaa, ili dereva anawe na kukausha mikono kabla ya kushika usukani. Gari likiegeshwa juani, usukani ufunikwe kwa nguo safi. Brashi kavu ipitishwe kila wiki wakati wa kiangazi.

Katibu aweke ukaguzi wa usukani pamoja na ule wa breki na taa, na matokeo yaandikwe katika daftari la gari kwa tarehe. Gharama ya brashi, poda na sabuni ni ndogo, nayo iingizwe katika fungu la matengenezo. Dereva akitoa taarifa ya ngozi iliyolegea, asionekane msumbufu: analinda mali ya wanachama na maisha yake mwenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.