Jina Juu ya Barua ya Maombi

Upendeleo wa kijinsia katika kuchambua maombi ya kazi ni mgumu kuuthibitisha, kwani waombaji wawili wa kweli hawalingani kwa kila kitu isipokuwa jinsia. Kwa hiyo watafiti humtunga mwombaji: wasifu ni uleule, hubadilishwa jina tu.

Jaribio linalotajwa sana lilichapishwa mwaka 2012 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Wanasayansi 127 wa vyuo vikuu, wa biolojia, kemia na fizikia, walisoma maombi ya mhitimu aliyetaka kusimamia maabara. Wengine walimsoma kama John, wengine kama Jennifer. John alionekana hodari zaidi, akapangiwa mshahara wa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka. Jennifer, dola 26,508. Wachambuzi wanawake nao walimpunja Jennifer sawa na wenzao wanaume.

Si lazima pawepo chuki. Mwaka 2005, Eric Luis Uhlmann na Geoffrey Cohen walionyesha jinsi kipimo chenyewe kinavyosogea. Watu walipewa faili za waombaji wa nafasi ya mkuu wa polisi: mmoja msomi, mwingine mzoefu wa mitaani mwenye elimu haba. Msomi alipokuwa mwanamume, elimu ilihesabiwa kuwa sifa kubwa ya kazi hiyo; mwanamume alipoikosa, uzito wake ukapungua. Mwanamke hakusogezewa kipimo. Wachambuzi waliojiona waadilifu kabisa ndio waliopendelea zaidi. Walipotakiwa kutaja sifa za kazi kabla ya kujua jinsia ya mwombaji, upendeleo ulitoweka.

Njia nyingine ni kumficha mwombaji. Kiswahili kina sitara yake, maana “yeye” haitaji jinsia, ila jina huitoboa mara moja. Okestra za Marekani ziliweka pazia la kweli kuanzia miaka ya 1970: mpigaji alisikilizwa bila kuonekana, na kwingine zulia lilitandikwa ili mlio wa viatu usimtangulie. Utafiti wa Claudia Goldin na Cecilia Rouse wa mwaka 2000 uliliona pazia hilo kuwa liliwasaidia wanawake, ingawa uthabiti wa takwimu zake umehojiwa baadaye.

Matokeo hayaelekei upande mmoja. Mwaka 2015, Wendy Williams na Stephen Ceci wa Cornell waligundua kuwa wahadhiri wa sayansi walimchagua mwanamke mara mbili zaidi ya mwanamume. Lakini waombaji wao wakuu walikuwa bora bila ubishi. Mwombaji wa jaribio la Yale alikuwa na dosari kidogo, na huenda pale penye shaka ndipo jina lilipopata nafasi.