Kutoka kubeba barua mpaka ofisi ya bosi: inawezekana?

Hapa Madale kuna vijana kibao wanapanda daladala alfajiri kwenda kwenye kazi ya kupeleka barua maofisini. Kaka yangu ni mmoja wao, na swali lake ndilo la wengi: hivi mtu wa barua anaweza kuja kuwa katibu wa mkurugenzi?

Jibu ni ndiyo, ila siyo kwa kusubiri bosi akuonee huruma. Serikalini muhudumu wa ofisi, mtunza kumbukumbu wa masjala na katibu mahsusi ni kada tofauti. Ukikaa miaka 10 unapanda ndani ya kada yako tu. Kuhama kada kunataka cheti.

Cheti chenyewe ni cha uhazili. Matangazo ya ajira za serikali yamekuwa yakitaka mtu wa kidato cha nne au sita, mwenye stashahada ya uhazili, aliyefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika, na anayejua kompyuta. Siku hizi kwenye matangazo utakuta kada hiyo inaitwa Mwandishi Mwendesha Ofisi, kwa hiyo usiipite ukidhani siyo yenyewe. Kozi inatolewa Chuo cha Utumishi wa Umma, chenye matawi Dar, Tabora, Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya.

Sasa msidharau masjala jamani. Anayeshika kitabu cha dispachi anajua barua imeingia lini, imekwenda kwa nani na imekwama meza ipi. Anajua faili la siri halichanganywi na la wazi. Kazi ya katibu wa bosi ni hiyo hiyo, ukiongeza kupanga miadi, kuandika mihtasari ya vikao na kufunga mdomo. Ukifika darasani na uzoefu huo, nusu ya somo unalo.

Halafu kuna hili: serikali inatumia mfumo wa e-Ofisi, barua na madokezo yanapita kwenye kompyuta. Miguu ya tarishi inazidi kukosa kazi. Anayebaki kubeba bahasha tu ajiangalie mapema.

Mnataka mfano? Rais Samia alipomaliza sekondari, mwaka 1977 aliajiriwa karani katika wizara ya mipango kule Zanzibar. Mwaka 1983 akaenda kusoma utawala IDM Mzumbe, leo Chuo Kikuu Mzumbe, akahitimu 1986. Mbele ya safari mnaijua. Angebaki na ukarani bila kurudi shule, sijui.

Kwa hiyo mdau, ukiwa hapo kafe, kabla hujafungua mambo mengine fungua Ajira Portal, jisajili, soma sifa za kada unayoitaka neno kwa neno. Kinachokosekana kwako ndicho cha kuanzia kuwekea akiba.

Makatibu mliotokea masjala, tupeni ada na mbinu hapo chini kwenye maoni. Nawasilisha.