Filamu za mazombi: Fedha si kikwazo, sauti na hadithi ndizo zinazoangusha wengi

KILA jioni zamu inapobadilishwa katika Eneo la Viwanda la Thika, wafanyakazi humiminika barabarani kuelekea Makongeni na Kiganjo, wengi wao kimya, wakiburura miguu kwa uchovu. Kijana mwenye kamera ndogo na hamu ya kutengeneza filamu ya mazombi anapoutazama umati huo, huona kwamba sehemu ngumu ya kazi yake imekwisha kufanywa, tena bila malipo.

Hakosei sana. Filamu za wafu wanaofufuka zimekuwa kimbilio la watayarishaji huru kwa miongo mingi. Zombi hasemi, hivyo jirani asiyewahi kuigiza anaweza kuwa zombi barabara. Mavazi yake ni matambara.

Mwaka wa 1968, Mmarekani George Romero alitoa Night of the Living Dead, iliyopigwa karibu na mji wa Pittsburgh kwa takriban dola 114,000. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, damu ikawa sharubati ya chokoleti, na sehemu kubwa ya hadithi hutendeka ndani ya nyumba moja ya shambani. Filamu hiyo ilivuna mamilioni ya dola, lakini watengenezaji wake waliambulia sehemu ndogo tu. Jina lake lilipobadilishwa kabla ya kusambazwa, ilani ya hakimiliki ilisahauliwa, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo kazi nzima ikawa mali ya umma. Anayedhani makaratasi ni ya kampuni kubwa pekee na aizingatie habari hiyo.

Barani Afrika, C.J. Obasi wa Nigeria alitoa Ojuju mwaka wa 2014 karibu bila bajeti yoyote. Aliipiga katika mtaa wa mabanda jijini Lagos, na katika hadithi yake maradhi yanatokana na maji machafu. Ilitunukiwa kuwa filamu bora ya Nigeria katika tamasha la AFRIFF mwaka huo.

Udhaifu wa filamu hizi huanzia masikioni. Mtazamaji husamehe picha yenye giza, hata hufikiri limewekwa makusudi, lakini hasamehe mazungumzo yasiyosikika. Katika Thika na Ruiru, ambako mashine hunguruma usiku kucha na malori hayakomi, kipaza sauti kizuri kina thamani kuliko kamera ghali. Akiba ya miezi kadhaa inaweza kupotea kwa kosa hilo moja.

Kasoro ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi, ni kuiga. Bunduki zisizopatikana hapa, maabara ya siri, mwanajeshi shujaa: yote hayo Hollywood huyafanya vyema kwa fedha ambazo hatuna.

Ilhali zombi hakuzaliwa Hollywood. Asili yake ni Haiti, katika kumbukumbu ya watumwa waliohofia kwamba hata kifo hakingewaondoa shambani. White Zombie ya mwaka wa 1932, nayo ya watayarishaji huru, inaonyesha wafu wakisukuma kinu cha miwa huku mwenzao akitumbukia ndani na hakuna anayegeuka. Jirani zetu Watanzania wana msukule, anayeaminiwa kufa kumbe amechukuliwa na wachawi kumlimia mtu mwingine usiku. Mwelekezi Mussa Banzi, katika filamu yake Nsyuka ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, alichota jina kutoka kwa Wanyakyusa, ambao huwaita mizimu abasyuka.

Mtu afanyaye kazi usiku kwa faida ya asiyemwona! Hadithi hiyo ikisimuliwa baina ya maghala ya Thika haihitaji maabara wala bunduki.

Hata hivyo, tahadhari. Upigaji filamu huhitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Muhimu zaidi, wakazi wa mtaa, chifu na polisi waarifiwe mapema. Mwigizaji anayepepesuka gizani akichuruzika damu ya bandia anaweza kudhaniwa mwizi aliyejeruhiwa, na umati wenye hasira hautasubiri kuonyeshwa kamera.